Sauti Juu ya Picha: Kiswahili na Ushabiki wa Kudumu wa Katuni za Kijapani, kwa Mfano wa Kilole, Korogwe



1.0 Utangulizi

Kata ya Kilole imo katika mji wa Korogwe, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Barabara kuu ya Moshi na Arusha nayo hupita katika mji huo, na kwa miaka mingi mabasi ya safari ndefu yamesimama hapo abiria wapate chakula. Ni mji wa Wazigua, Wasambaa na Wabondei, na pia wa wajukuu wa manamba walioletwa kutoka pande zote za nchi kukata mkonge. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili si lugha ya pili ya shuleni tu. Ni lugha ya jirani na jirani.

Mhadhara huu unajadili swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na taaluma za Kiswahili: mtu aliyezaliwa katika kata kama Kilole, mbali na Tokyo kwa kila hali, huwaje shabiki wa katuni za Kijapani kwa maisha yake yote? Anayefuatwa katika maelezo haya hana jina. Ni mtazamaji wa mfano, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambaye njia yake inafahamika kwa wengi waliokua katika miji midogo ya Tanzania kipindi hicho. Hoja ya msingi ni kwamba mtazamaji huyo hakufanywa shabiki na picha peke yake. Alifanywa na sauti iliyomfundisha kutazama, na na watu aliopata kuwasimulia alichokitazama. Sauti hiyo ilikuwa ya Kiswahili, nayo inapotea bila kuandikwa.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa kufafanua maneno machache. Neno ‘katuni’ katika Kiswahili hutumika kwa mchoro wa gazetini na kwa filamu ya michoro inayotembea pia. ‘Kibonzo’ nalo hubeba maana zote mbili. Katika miaka ya karibuni wanataaluma wametumia neno ‘uhuishaji’, yaani kukipa uhai kisicho nacho, na neno hilo lina uzuri wake, kwa kuwa ndivyo mchoraji afanyavyo. Hata hivyo, watazamaji wenyewe husema ‘katuni’, na vijana wa mijini husema ‘anime’, kama Wajapani wasemavyo. Mhadhara huu unatumia ‘katuni’ bila kuidharau.

Neno ‘shabiki’ linahitaji uangalifu zaidi. Kiswahili kina ngazi za mapenzi ya aina hii. Yupo ‘mpenzi’, ambaye hufurahi timu yake ikishinda. Yupo ‘shabiki’, ambaye huenda uwanjani. Yupo ‘mnazi’, ambaye hasikii la mtu. Yupo ‘mkereketwa’, neno lililotoka katika siasa. Kisha wapo ‘Yanga damu’ na ‘Simba lialia’, ambao aghalabu hawakuchagua, bali walirithi. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Kwa hiyo mtoto wa leo huweza kurithi ushabiki wa babu wa babu yake, pamoja na watani wake.

Shabiki wa katuni za Kijapani katika Kilole hakurithi chochote. Baba yake hakuwa na timu hiyo, na mama yake alimwambia azime televisheni akachote maji. Ushabiki wake ni wa kujichagulia. Hili ndilo linaloufanya ustahili kuchunguzwa, kwa kuwa kisichorithiwa lazima kiwe na chanzo kinachoweza kutajwa.

3.0 Korogwe na Picha Zenye Msemaji

Eneo la Korogwe lina nafasi maalumu katika historia ya filamu Afrika Mashariki, ingawa wenyeji wengi hawaijui. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa majaribio ya sinema za kuwaelimisha Waafrika, na makao yake yakawa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Mradi ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni na kupata fedha kutoka Shirika la Carnegie la Marekani. Viongozi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na aliona kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya vibarua watulie. Hivyo basi, tangu mwanzo sinema katika eneo hili ilikuja na kusudi la mwenye shamba.

Hadi mradi ulipokoma mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35. Nyingi zilihusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta. Moja ilikuwa hadithi ya wanyama, ya Sungura na Chui. Filamu hizo zilipigwa kwa mikanda ya milimita 16 isiyokuwa na sauti. Sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, ikachezwa sambamba na picha. Lori lilibeba mitambo kutoka mji hadi mji.

Jambo la kuzingatia hapa ni la kiufundi, lakini lina matokeo makubwa: picha ilikuwa moja, msemaji akabadilika. Watu wa Usambara, wa Uganda na wa Nyasa waliona kitu kilekile na kusikia maneno tofauti. Watengenezaji walidhani msemaji ni mtumishi wa picha, wa kueleza tu kile walichokusudia wao. Hawakufikiri kwamba siku moja msemaji angekuwa bwana.

Baada ya hapo yalikuja magari ya sinema ya serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa ‘Muhogo Mchungu’, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Katika miji ya pwani majumba ya sinema yalijaa kwa filamu za Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake ‘Reel Pleasures’ cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi watazamaji wa Tanzania walivyozipenda filamu hizo bila kujua lugha yake. Aliyeelewa kidogo alimweleza aliyekaa kando yake, na kesho yake asiyekwenda picha alisimuliwa barazani.

4.0 Msimulizi wa Japani

Kabla ya kurudi Kilole, inafaa kupitia Japani. Filamu zilipofika huko mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa bubu, na Wajapani hawakuridhika na maandishi ya skrini. Alisimama kando ya picha mtu aliyeitwa benshi. Benshi alieleza mahali, akasema maneno ya wahusika wote kwa sauti tofauti, akacheka, akalia, akatoa na maoni yake. Katika miaka ya 1920 walikuwapo Japani zaidi ya 6,000. Wengine, kama Tokugawa Musei, walipata sifa kubwa kiasi kwamba watu walilipa kiingilio kumsikiliza benshi, na filamu ikawa kisingizio. Katuni za kwanza za Kijapani, kama ile fupi ya Jun’ichi Kouchi ya mwaka 1917 kuhusu samurai na upanga butu, zilionyeshwa katika enzi hiyo ya benshi.

Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi hiyo ilikufa katika muda wa miaka michache. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Alijiua mwaka 1933. Hata hivyo, Japani haikuiacha sanaa hiyo ipotee kabisa. Sauti za baadhi ya wasimulizi zilihifadhiwa katika santuri, na wasanii wa baadaye, kama Midori Sawato, wameendelea kusimulia filamu za kale mbele ya hadhira. Kwa hiyo Mjapani wa leo akitaka kujua babu yake alitazamaje picha, anaweza kusikia.

5.0 Kibanda Umiza

Televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla na baada ya hapo, watu wa kipato cha chini walitazama filamu katika mabanda ya video, ambayo lugha ya mtaani imeyapa jina la ‘kibanda umiza’. Jina hilo lina ukweli. Kiti ni benchi la mbao, hewa ni haba, na mwenye kimo kirefu huketi mbele. Nje husimamishwa ubao wenye majina ya picha za siku hiyo kwa chaki. Ndani kuna televisheni moja, deki, na baadaye mashine ya DVD, na spika kubwa kuliko chumba.

Katika mabanda hayo ilizaliwa sanaa ya filamu za kutafsiriwa. Mwasisi wake anayetajwa zaidi ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Baadhi ya wasimulizi walianza kwa kusema papo kwa papo mbele ya hadhira. Kisha sauti zao zikarekodiwa juu ya mikanda, na mikanda ikasafiri kwa mabasi hadi miji ya mbali. Baada ya Lufufu wakaja wengine, akiwamo DJ Mark. Nchini Kenya DJ Afro alipata umaarufu kwa kazi ya namna hiyo, na nchini Uganda VJ Jingo akafanya hivyo kwa Kiganda. Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika makala kuhusu wasimulizi wa Tanzania, na anwani yake iliitaja kazi hiyo kuwa ni kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo unafaa. Mchele ni uleule, lakini mpishi ametia viungo, na mlaji hasemi tena kwamba amekula wali.

Kazi ya msimulizi si tafsiri kwa maana ya darasani. Msimulizi hutaja mhusika mkuu kuwa ni ‘steringi’ na mpinzani wake kuwa ni ‘adui’. Huwapa wahusika majina ya utani, hulinganisha mji wa Hong Kong na Kariakoo, humwonya steringi asiingie mlango ule, na hutoa methali mahali ambapo filamu ilinyamaza. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kwa kigezo hicho, kibanda umiza kilikuwa jukwaa kamili la fasihi simulizi. Kilichobadilika ni kwamba fanani alikuwa na picha nyuma yake, kama bibi alivyokuwa na moto mbele yake.

Mtazamaji wa mfano wa Kilole aliingia katika jukwaa hilo akiwa mtoto. Hakuwa na kiingilio kila siku. Mara nyingine alichungulia katika tundu la bati. Alijifunza hapo mambo matatu yaliyomfaa baadaye: kwamba hadithi ya ugenini yaweza kuwa yake, kwamba kutoelewa lugha si sababu ya kuondoka, na kwamba picha haijaisha mpaka imesimuliwa tena njiani kurudi nyumbani.

6.0 Njia ya Shabiki

Filamu zilizosimuliwa zaidi zilikuwa za mapigano za Marekani na Hong Kong, za Kihindi na za Nigeria. Katuni za Kijapani zilikuja kwa njia nyingine: katika diski zilizobanwa picha nyingi pamoja, katika vipindi vya watoto vya televisheni, na baadaye katika flashi na memori kadi. Waya wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mwenendo huo ulipata kasi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alipakua, rafiki yake akanakili, na likizo ikafikisha mzigo Korogwe ndani ya kadi isiyozidi ukucha.

Urefu wa hadithi hizi ndio siri ya kwanza ya ushabiki wa kudumu. ‘Dragon Ball Z’, iliyotokana na kazi ya Akira Toriyama, ilikuwa na sehemu 291 kati ya mwaka 1989 na 1996. ‘Naruto’ ilianza mwaka 2002 na kuendelea, pamoja na mfululizo wake wa pili, hadi mwaka 2017, jumla ya sehemu 720. ‘One Piece’, iliyoanza mwaka 1999, ilivuka sehemu ya 1,000 mwaka 2021. Mtoto aliyeanza ‘Naruto’ akiwa darasa la kwanza, na akaifuata ilipotoka, aliimaliza akiwa na umri wa mtu wa chuo kikuu. Katika miaka hiyo alibalehe, akafeli au akafaulu mitihani, pengine akazika mzazi. Mhusika naye alikua, akapoteza mwalimu wake, akaoa. Wamekua pamoja. Rafiki wa namna hiyo haachwi kwa sababu mtu amepata kazi.

Fasihi ya Kiswahili inaijua siri hiyo. Utenzi mrefu ulighaniwa kwa vipande, na ngano ndefu iliachwa mahali pabaya ili watoto warudi kesho. Anayeitikia ‘pakawa’ usiku wa kwanza amejifunga kurudi usiku wa pili.

Siri ya pili ni aibu. Aliyefika kidato cha nne akiwa bado anatazama katuni alichekwa. Katuni ni mambo ya watoto, walimwambia. Ilimbidi ama aache, ama awe na hoja. Aliyekuwa na hoja hakuacha tena. Ushabiki uliolazimika kujitetea huota mizizi kuliko ule ulioshangiliwa.

Hoja hiyo aliipata katika kazi zenyewe. Filamu ya Isao Takahata, ‘Grave of the Fireflies’ ya mwaka 1988, inahusu kaka na dada mdogo waliobaki yatima baada ya Kobe kupigwa mabomu mwaka 1945, na inaonyesha njaa bila kuificha. Si ya watoto kwa maana iliyokusudiwa na wanaocheka. ‘Princess Mononoke’ ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1997, inahusu ugomvi kati ya mji wa wafua chuma na miungu ya msitu, na haimpi upande wowote ushindi rahisi: mwanamke anayeharibu msitu ndiye anayewahifadhi wakoma. Mwaka huohuo wa 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika Usambara Mashariki. Mtu wa Kilole, ambaye anajua kuni hutoka wapi, na ambaye wazee wake walijua pori lipi ni la mizimu na halikatwi, hakuhitaji kuelezwa filamu hiyo inasema nini.

7.0 Ukaribu wa Kiswahili na Kijapani

Kijapani na Kiswahili si ndugu kwa asili. Hata hivyo, mtazamaji wa Kilole aliyesikiliza sauti ya Kijapani huku akisoma maandishi ya Kiingereza alikuwa katika hali ya ajabu: mara nyingi lugha yake ilikuwa karibu zaidi na kile kilichosemwa kuliko lugha aliyokuwa akiisoma. Mifano mitatu inatosha.

Kwanza ni silabi. Lugha zote mbili hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Naruto, Sasuke, Sakura na Hinata ni majina ambayo ulimi wa Mswahili huyatamka bila kuongeza wala kupunguza, tofauti na ‘Christ’ iliyolazimika kuwa Kristo. Mtoto wa Kilole hakuhisi kwamba majina hayo ni magumu, na jina linalotamkika huingia mchezoni siku hiyohiyo.

Pili ni tanakali za sauti. Kijapani kina hazina kubwa ya maneno yanayoigiza sauti na hali: moyo hupiga ‘doki doki’, nyota humeta ‘kira kira’. Kiingereza hupata shida mahali hapo, na aghalabu mfasiri huacha nafasi tupu. Mswahili hana shida. Kwake mtu huanguka puu, hutumbukia chubwi, hulala fofofo, hulowa chapachapa, na kitu huwa cheupe pe au cheusi ti. Msimulizi wa kibanda umiza alijaza picha kwa tanakali hizo bila kufundishwa na mtu.

Tatu ni adabu. Hapa ndipo penye uzito. Mjapani akimwita mtu kwa heshima huongeza neno baada ya jina, na huwaita walio wakubwa kwake kaka na dada hata wasipokuwa ndugu wa tumbo moja. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuyafuta hayo au kuyaacha yasikike kama kioja. Katika Kiswahili ‘kaka’, ‘dada’, ‘mzee’ na ‘mwalimu’ hukaa mahali pake wenyewe. Wajapani huambiana neno mwisho wa kazi, ‘otsukaresama’, la kutambua uchovu wa mwenzao. Kiingereza hakina neno hilo, na Kiswahili kinalo: ‘pole na kazi’. Anayetoka nyumbani Japani huagwa kwa neno la kumtakia aende na arudi, na anayerudi hupokewa kwa neno maalumu. Mtu wa Korogwe, ambaye kuingia kwake ni ‘hodi’ na kuitikiwa kwake ni ‘karibu’, alisoma tafsiri ya Kiingereza na kuhisi kwamba kuna kitu kimeanguka njiani. Alikuwa sahihi.

Kwa mintarafu hii, shabiki wa Kilole alifanya kazi ya mfasiri kimya kimya. Alisikia Kijapani, akasoma Kiingereza, akaelewa kwa Kiswahili. Kesho yake aliwasimulia wenzake, na waliyoyasikia wao hayakuwa ya Kijapani wala ya Kiingereza.

8.0 Mfano wa Waarabu, na Kiswahili kama Pambo

Waswahili wa Omani walikuwa na njia tofauti. Watoto wa familia zilizotoka Zanzibar na kuishi Maskati walikua na katuni za Kijapani zilizotiwa sauti ya Kiarabu. ‘Grendizer’ ilitafsiriwa Lebanoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Katuni ya mpira ‘Captain Tsubasa’ ikawa ‘Kapteni Majid’. Chaneli ya Spacetoon ilianza mwaka 2000. Tafsiri nyingi kati ya hizo zilitumia Kiarabu fasaha, si cha mtaani, ili zifae nchi zote za Kiarabu. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima kilisikia Kiarabu fasaha kikicheka, kikigombana na kuomboleza, kabla hakijafundishwa sarufi yake.

Kiswahili, ambacho kilisanifishwa tangu mwaka 1930 kwa lengo la kuhudumia nchi kadhaa, kingeweza kufanya vivyo hivyo. Kuna dalili njema. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu bibi harusi na mama wakwe zake ilitiwa sauti ya Kiswahili na kuonyeshwa na TBC. Tangu mwaka 2014 ‘Ubongo Kids’, katuni iliyotengenezwa Tanzania, imewafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Lakini kwa shabiki wa Kilole aliyekua katika miaka ya 1990 na 2000, katuni ya Kijapani ilipitia mlango wa Kiingereza.

Badala yake, Kiswahili kimeingia katika katuni za dunia kama pambo. Filamu ya Marekani ya mwaka 1994, ‘The Lion King’, iliwaita wanyama Simba, Rafiki na Pumbaa. Wajapani wengi waliiona kuwa inafanana mno na kazi ya Osamu Tezuka, ‘Jungle Taitei’, hadithi ya simba mweupe wa Afrika aliyoichora kuanzia mwaka 1950 na iliyoonyeshwa katika televisheni kwa rangi mwaka 1965. Mamia ya wachoraji wa Japani walitia saini barua ya malalamiko. Katika ugomvi huo kati ya Marekani na Japani kuhusu nani mwenye simba, mwenye neno ‘simba’ hakuulizwa.

9.0 Kinachopotea

Hoja inayoletwa mbele ya kikao hiki ni hii. Kwa takriban miaka thelathini, katika vibanda vya Kilole, Handeni, Muheza na maelfu ya mahali pengine, Kiswahili kilitumika kila siku kuifasiri dunia kwa watu ambao hawakuwa na mfasiri mwingine. Ilikuwa lugha ya ubunifu mkubwa. Iliunda misamiati, ilihifadhi methali, ilizoesha sikio la watoto kwa tanakali na misemo ambayo vitabu vyao vya kiada havikuwa nayo. Na rekodi zake zimo katika mikanda ya VHS inayoota ukungu na diski zilizokwaruzika. Sauti iliyosemwa papo kwa papo, bila kurekodiwa, imekwisha kupotea.

Kuna sababu za ukimya huu, na si zote za kulaumiwa. Wasimulizi walisema juu ya kazi za watu wengine bila idhini, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hairuhusu hilo. Maktaba haikuweza kununua nakala ambayo kisheria haikupaswa kuwapo. Aidha, walinzi wa lugha waliona maneno ya mitaani, wakasahau kusikiliza ufundi. Wapo pia wanaosema kwamba msimulizi alimharibia mwenye filamu kazi yake kwa kusema juu ya ukimya alioukusudia. Hoja hiyo ni ya haki. Anayependa ukimya wa Miyazaki hatapenda kuusikia ukijazwa methali. Lakini haki ya mwenye picha haifuti thamani ya mwenye sauti, na mtafiti anaweza kuhifadhi bila kuuza.

Inapendekezwa basi mambo matatu. Mosi, idara za Kiswahili zikusanye mikanda na diski hizo kama zinavyokusanya ngano na tenzi, zikizihifadhi kwa ajili ya utafiti tu. Pili, wasimulizi walio hai wahojiwe kuhusu ufundi wao: walichaguaje neno, walifanya nini walipokosa kuelewa, walijifunza kwa nani. Tatu, tafsiri ya katuni ifundishwe kama tawi la tafsiri ya fasihi, na ianze na kazi ambazo wenye haki wataziruhusu. Mwanafunzi atakayetafsiri ‘otsukaresama’ kuwa ‘pole na kazi’ atakuwa amejifunza kuhusu Kiswahili kuliko kuhusu Kijapani.

Kazi hiyo haitakosa wenzi ng’ambo. Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi mjini Osaka, na shirika la NHK lina matangazo ya Kiswahili. Wapo Wajapani waliovuka bahari kukifuata Kiswahili, kama walivyo vijana wa Korogwe wanaofuata hadithi za Japani. Kilichokosekana ni pande hizo mbili kukaa meza moja.

10.0 Hitimisho

Akira Toriyama alifariki mwezi Machi mwaka 2024, na watu katika nchi ambazo hakupata kuzikanyaga walimwomboleza kama mjomba. Shabiki wa Kilole wa umri wa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Sasa ana watoto. Jioni hukaa nao mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Sauti ni ya Kijapani, maandishi ni ya Kiingereza, na mdogo hajajua kusoma.

Hapo mzazi huanza kusema. Huyu ndiye steringi. Yule mzee ni mwalimu wake. Angalia, ameanguka puu. Hafundishwi na mtu kufanya hivyo, wala hajui kwamba Vugiri, mlimani juu yake, picha na sauti ziliwahi kutenganishwa ili sauti ipate kubadilishwa. Anafanya alichofanyiwa. Na mtoto, ambaye hakuchagua, ameanza kurithi.

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, kabla sauti hiyo haijazimwa na chumba kikabaki na picha tu, inafaa mtu wa Kiswahili awepo hapo na chombo cha kunasia.